Je, wajua kwa nini makumbusho hayaonyeshi vitu vyake vyote?

British Museum ya London ina vitu vipatavyo milioni 8. Anavyoweza kuviona mgeni kwa wakati mmoja ni kama 80,000, asilimia 1 hivi. Vingine vyote viko stoo.

Hapo ndipo dhana huanza. Wengi husema nafasi haitoshi. Wengine wana hakika kwamba vitu vya maana hufichwa, mgeni akawekewa masalia. Hoja ya nafasi ina ukweli wake, ila haifiki mbali: hata makumbusho yangejengewa kumbi kumi zaidi, nguo, karatasi na picha za rangi ya maji bado zingerudishwa gizani. Na hiyo ya kufichwa? Sehemu kubwa ya stoo za namna hii ni vigae, sarafu zinazofanana na vipande vya mawe, vitu ambavyo mtafiti huvitaka kwa mamia na mgeni hutosheka na kimoja. Hata hivyo vitu vizuri vimo pia, na mara nyingi kinachovirudisha stoo ni taa.

Kila aliyewahi kusahau kanga kambani anajua kwamba mwanga hupausha. Kisichojulikana sana ni kwamba madhara yake hujumlishwa. Ni kama bando la simu: mwanga mkali hulikata haraka, mwanga hafifu hulikata polepole, na ukizima taa makato husimama. Ila kilichokwisha kukatwa hakirudi, na bando hili halina vocha popote duniani.

Wahifadhi hupima mwanga kwa lux. Kwa nguo na karatasi, kiwango kinachotumika sana ni lux 50, ukumbi wa giza-giza. Taa zikiwaka saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, jumla ni lux-saa 120,000, yaani lux mara saa. Jua la adhuhuri hufika lux 100,000 hivi. Kwa hiyo mwaka mzima wa maonyesho ni sawa na kuanika nguo juani kwa saa moja na ushei! Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana jua huja pia na miale ya urujuanimno, ambayo huharibu zaidi.

Ili kujua bando limebaki kiasi gani, hutumika kipimo cha ajabu kidogo: vipande 8 vya sufu ya buluu, kila kimoja kikiwa na rangi ya uimara tofauti. Huwekwa karibu na kitu kinachoonyeshwa, nusu ya kila kipande ikiwa imefunikwa, kisha watu hungoja. Kilicho dhaifu kuliko vyote huanza kuonekana kimepauka baada ya lux-saa 300,000 hivi, yaani miaka miwili na nusu ya ukumbi ule wa giza-giza. Rangi ya kitu chenyewe huenda ikawa imara zaidi, lakini bila kuipima hakuna wa kuapa.

Siku hizi wageni wanataka kuingia stoo wenyewe. Huko Rotterdam, Uholanzi, stoo ya makumbusho iitwayo Depot Boijmans Van Beuningen ilifunguliwa mwaka 2021 ikiwa na vitu 151,000, vilivyopangwa kwa kufuata hali ya hewa ambayo kila kimoja huhitaji, bila kujali karne wala msanii. London nayo ikafungua V&A East Storehouse, stoo ya makumbusho ya Victoria and Albert, mwaka 2025, ambako mtu yeyote anaweza kuagiza vitu vitano avitazame kwa karibu.

Wageni wazee nao wana hoja. Jicho la mzee huhitaji mwanga zaidi kuliko la kijana, na lux 50 humwacha akikodolea kioo. Ushauri wa wahifadhi ni kwamba mwanga unaweza kuongezwa hata mara tatu kwa ajili yake, mradi muda wa kuonyesha ukatwe kwa kiasi hichohicho. Kwa lux 150, zile lux-saa 120,000 za mwaka huisha kwa siku 100, na kitu kinarudi stoo.