Onyesho Lililojaa Vitu Si Lazima Lieleweke

Dhana: Vitu vikiwa vingi kwenye picha, hadithi hueleweka zaidi.

Ukweli: Katuni ikienda kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, shoti (kipande kimoja cha onyesho) ya sekunde mbili ni fremu 48 tu. Mtazamaji hana muda wa kutafuta. Chora chumba chenye rafu ya vitabu, pazia la maua, paka na saa ya ukutani, ilhali jambo lenyewe ni barua inayofichwa chini ya godoro: macho yatazurura, barua ipite. Aliyehangaika siku tatu na lile pazia hapendi kusikia haya. Hata hivyo si lazima alifute. Alififishe rangi tu, mwanga uangukie mkono na barua.

Dhana: Mhusika akichorwa kwa ustadi, pozi lolote litasomeka.

Ukweli: Mpake weusi mwili mzima, abaki kivuli. Bado unatambua kwamba anaongea na simu? Kama hutambui, uzuri wa uso wake hautakuokoa. Mgeuze ubavu, mkono na simu vitokeze nje ya kiwiliwili. Tatizo hili ni la zamani. Mickey Mouse wa mwanzo alikuwa na mikono myeusi na mwili mweusi, kwenye filamu isiyo na rangi, kwa hiyo mkono ukipita mbele ya kifua ulimezwa. Glavu nyeupe zilizoanza kuonekana mwaka 1929 zilifanya kazi kubwa kuliko pambo.

Dhana: Kumweka mhusika katikati ni kosa.

Ukweli: Kanuni ya theluthi, ya kugawa picha sehemu tatu na kumweka mhusika kwenye mstari wa mgawanyo, ni msaada, si sheria. Mtu anayehukumiwa, au aliyebaki peke yake uwanjani, katikati ndiko kwake.

Dhana: Kila kitu kikisogea, onyesho linakuwa hai.

Ukweli: Jicho hunaswa na tofauti. Kwenye umati uliotulia, anayekimbia ndiye anayeonekana. Kwenye umati unaokimbia, ni yule aliyesimama. Wote wakikimbia, basi humwoni yeyote.

Dhana: Mpangilio wa vitu na wahusika kwenye picha utarekebishwa mwishoni.

Ukweli: Frank Thomas na Ollie Johnston, wachora katuni wa Disney, walipoandika kanuni 12 za uhuishaji mwaka 1981, waliuhesabu mpangilio wa onyesho miongoni mwazo. Kazi hiyo huanzia kwenye storibodi, yaani michoro ya shoti zote kwa mfuatano. Chora kila shoti ndogo kama stempu, kwa penseli, bila sura wala vifungo vya shati. Isiposomeka hapo, ifute; ni dakika moja tu imepotea.