Kutoa ribosomu kwenye msuli sio kazi ya kitoto

Watu wengi wakisikia protini wanafikiria kile walichokula, sasa kula ni nusu tu ya habari maana ile protini ikifika tumboni inavunjwa vunjwa inakuwa amino asidi, yani matofali ya protini, alafu mwili unaanza kujenga upya, na fundi mwenyewe ni ribosomu iliyomo ndani ya seli. Ni kidude kidogo mno, ilibidi ije hadubini ya elektroni ndo George Palade akaanza kuzielezea miaka ya 1950, na 1974 akapata Nobel.

Tunaulizwa sana maabara, kwanini msichukue ribosomu za ini ambazo zimejaa tele? Kweli ini ni rahisi. Ila misuli inayoshika mifupa ni karibu 40% ya uzito wa mtu na huwezi kujua msuli unakonda kwanini kwa kuliuliza ini.

Shida ni kwamba msuli umejaa nyuzi za maiosini na aktini, zile protini zinazofanya msuli ujikunje, ribosomu ni chache na zimenasa humo humo. Ukisaga msuli kwenye bafa (maji ya kulinda sampuli) ya chumvi kidogo afu ukaweka kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi ili vitu vizame, nyuzi zinazama mapema na ribosomu zako zinaenda nazo. Kwahiyo unaongeza potasiamu kloraidi, nayo ni chumvi, ili ribosomu ziachie, lakini kwa kipimo, ukizidisha maiosini inayeyuka kila kitu kinavutika kama gundi, na chumvi ikiwa nyingi mno ribosomu zenyewe zinaachana vipande viwili, 40S na 60S. (Vikiungana ni 80S sio 100S, hiyo S ni kasi ya kuzama haijumlishwi kama uzito.) Yote hayo unafanyia kwenye barafu na glavu mkononi, maana vidole vyetu vina kimeng'enya kinachokata RNA, na ribosomu zenyewe zimejengwa kwa RNA na protini. Mimi niliwahi kusahau kupoza rota, kile kichwa cha sentrifuji kinachobeba tyubu, kazi ya siku nzima ikaenda na maji.

Ukishazipata unazijaribu: testi tyubu, magnesiamu, ATP na GTP za kutoa nishati, majimaji ya seli, na amino asidi yenye kaboni 14 inayotoa mionzi, unaacha kwenye joto la nyuzi 37. Baadae unamwaga asidi, protini inaganda, unapima mionzi iliyobaki kwenye ule mgando. Mionzi ikiwa mingi ujue mafundi wamefanya kazi.

Na kazi yenyewe ni nzito, mnyororo mmoja mkubwa wa maiosini una amino asidi zaidi ya 1,900, kwa kasi ya tano sita kwa sekunde ribosomu moja inakaa dakika tano na ushee, ndo maana zinapanga foleni hata 50 au 60 kwenye uzi mmoja wa RNA inayobeba maelekezo ya protini.

Kilichonivutia mimi zaidi ni kazi ya Ira Wool na wenzake kule Chicago miaka ya 1960. Walitoa ribosomu kwenye misuli ya panya wenye kisukari, wakazipa kila kitu kwenye tyubu, bado zikatengeneza protini kidogo kuliko za panya wazima, na panya akichomwa insulini kabla, uwezo unarudi. Yani mtu aliekosa insulini anaweza akala vizuri na bado akakonda, msuli wake unavunjwa kwa kasi ndio, ila na mafundi nao wamelegea, matofali yapo pale pale hayajengwi.