AP si "advance" ya kwetu: maana yake kwa mzazi wa mtoto anayeingia darasa la 11

Kila mwaka, kuanzia Januari hivi, shule nyingi za Marekani huwapa wanafunzi wa darasa la 10 fomu za kuchagua masomo ya darasa la 11, mwaka ambao wenyeji huuita "junior". Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kwenye shughuli zetu Waswahili wa huku: mtoto wa fulani kachaguliwa AP, wa fulani kakosa, wangu namwombea aingie mwakani. Nimeyasikia mno, na yananisumbua kwa sababu mzazi huondoka hapo na picha isiyo sahihi ya kitu anachokwenda kukitia saini.

AP ni somo moja la sekondari linalofundishwa kwa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo. Mtaala na mtihani vinasimamiwa na College Board, taasisi ileile ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo. Mtihani hufanywa mwezi Mei, alama ni 1 hadi 5, na vyuo vingi humhesabia mwanafunzi somo hilo akipata 3 au zaidi. Vingine hutaka 4, vingine 5. Maana yenyewe imeishia hapo.

Kinachotuchanganya ni kwamba sisi tulikuja na "advance" yetu kichwani, yaani kidato cha tano na sita. Aliyesoma Tanzania anajua: unamaliza kidato cha nne, matokeo yanatoka, unapangiwa shule na kombi, yaani kundi la masomo matatu, iwe PCM, EGM au HGL, kisha unakaa nayo miaka miwili mpaka mtihani wa kidato cha sita. Asiyechaguliwa hayumo. Mganda aliyepita S5 na S6 ana picha hiyohiyo. Mzazi aliyesoma Kongo naye anafikiria seksheni yake ya hisabati na fizikia, iliyomfuata hadi mtihani wa taifa. Kwa hiyo akisikia neno Advanced, ile A ya AP, kila mmoja anaona mlango wa hatua mpya ya elimu, na mtoto wake ama ndani ama nje.

AP haina kombi wala kidato chake. Mtoto anaweza kusoma AP ya historia ya Marekani kipindi cha kwanza, akatoka akaenda kwenye hesabu za kawaida na wenzake, mchana akarudi kwenye AP ya biolojia. Mwingine hasomi AP hata moja na anamaliza sekondari kwa cheti kilekile, na chuo anakwenda.

Jina kamili ni Advanced Placement, na uzito uko kwenye neno la pili, kupangwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, walimu wa shule tatu za binafsi, Andover, Exeter na Lawrenceville, walikaa na wenzao wa Harvard, Princeton na Yale kuchunguza jambo moja: vijana waliosoma vizuri sekondari walikuwa wakifika chuoni wanafundishwa upya mambo waliyokwisha kuyamaliza. Kukawa na wazo la kuwatahini wangali sekondari, ili anayefaulu apangwe mbele chuoni, aruke kozi ya utangulizi. College Board ikaupokea mpango huo mwaka 1955, na mitihani yake ya kwanza ikafanyika 1956. Kilicho mbele, basi, ni pale mtoto atakapoanzia chuoni katika somo hilo moja. Jina halisemi lolote juu ya akili yake kwa jumla, wala juu ya asiyelisoma.

Kwenye hesabu kosa hili huumiza zaidi, maana hesabu za Marekani huenda kwa mfuatano: Aljebra 1, Jiometri, Aljebra 2, Prekalkulasi (maandalizi ya kalkulasi), Kalkulasi, kwa kawaida mwaka mmoja kila moja. Aliyesoma Aljebra 1 darasa la 8 atafika Prekalkulasi darasa la 11. Aliyeanza darasa la 9 atakuwa kwenye Aljebra 2, na hajachelewa popote. Mzazi anayeuliza kwa uchungu kwa nini mwanawe hakupewa AP ya kalkulasi mara nyingi anauliza jambo lililoamuliwa darasa la 8. Siku hizi ipo pia AP Prekalkulasi, iliyoanza kufundishwa 2023, na AP ya takwimu, ambayo mwanafunzi aliyemaliza Aljebra 2 anaweza kuisoma bila kugusa kalkulasi.

Wazazi wa watoto waliofika karibuni wana jambo lao la kuangalia. Kwetu aljebra, jiometri na trigonometria hufundishwa pamoja kila mwaka, na ripoti huandika Hisabati tu. Shule ya hapa inatafuta jina la kozi, hailioni, na mtoto aliyekwisha kutatua milinganyo ya kipeo cha pili anaanzishwa Aljebra 1. Mpelekee mshauri wa wanafunzi orodha ya mada alizosoma, hata daftari zake, na uombe apewe jaribio la kumpima. Fanya hivyo kabla ya kuulizia AP yoyote.

Najua haraka inatoka wapi. Alama za darasa la 11 ndizo za mwisho za mwaka mzima ambazo vyuo huziona mtoto anapoomba nafasi, na shule nyingi huongeza uzito wa alama kwa somo la AP. Lakini AP iliyorundikwa juu ya Aljebra 2 isiyoshika humletea mtoto alama mbaya mwaka uleule, pamoja na ada ya mtihani inayokaribia dola 100. Wenye kipato kidogo waulize shule kuhusu punguzo, lipo.

Kisha kuna herufi. AP ya kalkulasi ni kozi mbili, AB na BC, na wazazi wengi huzisoma kama alama za ripoti: AB ya wazuri, BC ya wanaofuata. Sivyo. Kozi ziligawanywa hivyo mwaka 1969. A ilikuwa mada za fanksheni zinazotangulia kalkulasi, B sehemu ya kwanza ya kalkulasi, C sehemu inayoendelea. Leo BC ina yote ya AB, kisha inaongeza mambo kama mifululizo isiyo na kikomo, na anayefanya mtihani wa BC hupewa pia alama yake ya sehemu ya AB. Kwa hiyo fomu ikirudi nyumbani imeandikwa BC, usipige simu shuleni kuomba apandishwe AB. Muulize mtoto kama Prekalkulasi ilimkaa vizuri, na kama ilimkaa, tia saini.