Kukaza waya si dawa ya kila breki

Baiskeli ya Malindi inaishi na chumvi. Kusi ikivuma, unyevu wa bahari unaifuata hadi ndani ya nyumba, mchanga uko kila kichochoro, na maji yakipwa wengi hukatiza ufuoni kwa kuwa mchanga uliolowa ni mgumu. Breki zinazobana ringi kwa raba mbili huchoka mapema hapa. Hata hivyo, nyingi huharibiwa na ushauri wa barazani kabla chumvi haijazimaliza.

“Breki ikilegea, kaza waya.”

Dhana hii ndiyo inayodhuru zaidi, kwa sababu kuna wakati ni kweli. Raba zikilika kidogo waya huhitaji kuvutwa, na hapo huhitaji hata spana. Waya unapoingia kwenye mkono wa breki pana kinati cha kuzungusha kwa vidole. Kitoe nje taratibu, waya utakazika. Kila raba ibaki mbali na ringi milimita 1 hadi 2, na ukibana kwa nguvu zote mkono wa breki usifike kwenye usukani. Ukikaza kupita hapo, raba itakwaruza ringi mwendo wote, nawe utachoka kukanyaga bure.

Lakini breki inayoshika kisha isiachie haiponi kwa kukazwa. Watu husema spring imekufa. Pima kwanza: chomoa waya kwenye vile vyuma viwili vinavyobeba raba, uvibane kwa mkono na kuviachia. Vikiruka nje vyenyewe, spring ni nzima. Waya ndio ulioshika kutu ndani ya ganda lake. Matone machache ya oili ndani ya ganda yanaweza kukusogeza siku chache. Ukiona nyuzi za waya zimekatika, nunua waya na ganda pamoja, maana waya mpya ndani ya ganda lenye kutu utakwama vilevile. Vyuma visiporuka, vifungue, ufute mchanga kwenye vigingi vinapozungukia, upake grisi kidogo na kuvirudisha.

“Ikipiga kelele, tia mafuta.”

Usifanye hivyo, tafadhali. Kelele itanyamaza na breki itanyamaza nayo, na mwenye kuumia huenda akawa mtoto uliyempakia nyuma. Mafuta ni ya waya na vigingi tu. Raba iliyokwisha kunywa mafuta itupe.

Kelele mara nyingi hutokana na uchafu, au raba iliyoota ngozi ngumu inayong'aa. Osha ringi kwa sabuni na maji baridi, si ya kisima chenye chumvi, uikaushe na kuifuta kwa spiriti. Sugua uso wa raba kwa msasa, kisha chokoa kwa sindano punje za mchanga na vichembe vya chuma vilivyojichimbia humo; hivyo ndivyo vinavyochora mifereji kwenye ringi. Kelele ikibaki, legeza boliti ya raba (nyingi hutumia alenki, ule ufunguo wa pembe sita, namba 5), pachika kadi nyembamba kati ya ringi na ncha ya raba inayotazama nyuma ya baiskeli, bana breki, kaza boliti, utoe kadi. Ncha ya mbele sasa itagusa ringi kwanza, kwa tofauti isiyozidi milimita 1. Hakikisha pia raba haipandi kwenye tairi, kwani italichana.

Wenye Black Mamba, zile baiskeli nzito ambazo breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya waya, haya ya kadi si yenu: raba zenu huvutwa juu na kubana ringi upande wa ndani, unaotazama spoki, na marekebisho yako kwenye nati za vyuma vyenyewe.

“Inagusa upande mmoja, basi waya umekaa vibaya.”

Zungusha gurudumu utazame. Likikwaruza mfululizo, angalia kwanza kama gurudumu limekaa sawa kwenye uma. Kama limekaa sawa, kaza kidogo kidogo skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa chuma cha upande unaogusa, kitasogea nje. Likikwaruza mara moja kila mzunguko, ringi imepinda au spoki imekatika, na hiyo ni kazi ya fundi.

“Breki ya mbele itakupindua.”

Kinachopindua ni kuibana ghafla. Baiskeli inaposimama uzito hukimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Bana zote mbili, ukiongeza nguvu polepole. Kwenye mchanga mlegevu punguza ya mbele, maana gurudumu likiteleza hapo utaanguka. Mvua za masika zikinyesha, anza kubana mapema ili raba zifute maji; ringi za chuma cha kung'aa ndizo hushika vibaya zaidi zikilowa.

“Raba bado nene, ni nzima.”

Jua huikausha raba hata ikiwa nene. Ikiwa ngumu kama kigae, au vifereji vyake vimefutika, badilisha.

“Nimeweka raba mpya, nimemaliza.”

Ringi za alumini nazo hulika, na kwa mchanga wetu hulika haraka. Weka ukingo wa rula kwenye ubavu wa ringi. Ukiona mwanga katikati, ubavu umebonyea, na ringi nyembamba hivyo inaweza kupasuka kwa nguvu ya upepo wa tairi. Toa upepo, badilisha ringi, ndipo ufunge raba mpya.