Kuungua retina: jua likipatwa, mtoto atazame wapi?

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Mtu akilikodolea jua macho, utando huo huungua. Ubaya wake, hauumi. Mtoto atatazama, atashangilia, atarudi kucheza. Saa kadhaa baadaye, pengine kesho yake, ndipo aseme anaona doa katikati ya kila kitu, au mistari ya daftari imepinda. Wengine hupata nafuu baada ya miezi, wengine doa halitoki. Dawa iliyothibitika hakuna.

Siku za kawaida jua hujilinda lenyewe: ukiliangalia tu, macho yanafumba. Likipatwa mwanga hufifia, macho hayakatai tena, na kile kipande kilichobaki kinaunguza vilevile. Tena lenzi ya jicho la mtoto ni angavu kuliko ya mtu mzima, inapitisha mwanga zaidi.

Tarehe 1 Septemba 2016 waliokuwa Rujewa, Mbeya, waliona jua limebaki kama pete. Unguja na Pemba jua liliwa upande tu. Tarehe 2 Agosti 2027, mchana, kwetu Zanzibar litapatwa kwa sehemu tena, kwa hiyo hakuna hata dakika moja ya kulitazama kwa macho matupu. (Mkiona video za watu wa Luxor, Misri, wamevua miwani, msiige: kule litafunikwa lote.)

Miwani ya jua ya sokoni Darajani, hata iwe nyeusi tii, haifai. Filamu ya eksirei, CD, kioo cha masizi na lile beseni la maji la wazee wetu, vivyo hivyo. Inayofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua, yenye kiwango cha kimataifa ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo. Ukiivaa ndani ya nyumba usione hata meza.

Kwa watoto wadogo mimi sishauri hata hiyo, maana wataivua. Bora waligeuzie jua mgongo. Aliyekaa nyumba ya makuti anajua: paa likitoboka, sakafuni huanguka duara la mwanga, hata tundu lenyewe liwe limechanika ovyo. Duara hilo ni sura ya jua, na jua likiliwa nalo huliwa. Toboa kadi kwa sindano, ishike mita 1 juu ya karatasi nyeupe, utapata kijijua cha milimita 9 hivi. Chini ya mwembe, penye mianya ya majani, vitajaa tele. Wasichungulie juu kupitia tundu; macho yabaki chini.

Wakubwa wakienda kusali swala ya kusufi (ya jua kupatwa), mmoja abaki uani na watoto. Baadaye mzibe kila mtoto jicho moja moja, asome maandishi madogo. Akilalamikia doa, apelekwe kliniki ya macho siku hiyohiyo.