Faili halijatoka nyumbani, sasa linachelewa wapi?

Simu za namna hii hunijia zaidi jioni, watu wakisharudi kazini. "Fundi, mwezi huu nimepandisha kifurushi, lakini picha zilizo kwenye diski bado zinafunguka kwa kujikongoja." Namuuliza diski iko wapi. "Sebuleni, imechomekwa kwenye ruta." Na wewe uko wapi? "Chumbani."

Basi pesa ya kifurushi imekwenda na maji. Faili linalotoka sebuleni kwenda chumbani halipiti kwa mtoa huduma wa intaneti hata kidogo, linazunguka humo humo ndani. Usiponiamini, chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, au toa laini kama ruta yako ni ya laini, kisha uiache ikiwaka. Mafaili yatafunguka kama kawaida. Au yatachelewa kama kawaida.

Majuzi niliitwa Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi unapita katikati, ua nyuma. Mwenye tatizo ni kijana anayepiga na kuhariri video za harusi. Diski yake ya terabaiti 4 ilikuwa chumba cha mbele, imechomekwa mgongoni mwa ruta. Yeye anafanyia kazi chumba cha mwisho, karibu na ua. Video zinakwamakwama, na folda ya picha 2,000 ukiifungua una muda wa kutosha kwenda kununua kachori na kurudi. Alikwisha kuamua kwamba diski imekufa, na bei ya mpya alikwisha kuulizia.

Mimi sikubali neno "polepole" mpaka liwe namba. Nilichukua video moja ya gigabaiti 1 kutoka kwenye diski, nikainakili kwenye laptopu huku saa ya simu ikihesabu. Dakika sita kasoro kidogo, yaani karibu megabaiti 3 kwa sekunde. (Ukirudia kipimo, tumia faili jingine la ukubwa ule ule. Kompyuta ina kawaida ya kukumbuka faili ililosoma punde, kipimo cha pili kikakudanganya kwa uzuri.) Hapo kijana akaniuliza swali zuri: mbona kasha la ruta limeandikwa 300? Ile 300 ni megabiti, si megabaiti. Biti nane ndizo baiti moja, kwa hiyo gawa kwa nane upate 37 na kitu. Halafu hiyo yenyewe ni hesabu ya hewani katika hali ambayo nyumbani kwako haipo. Ukipata nusu yake, shukuru.

Kutoka hapo kazi ni kufupisha njia kipande kwa kipande. Tukahamia chumba cha mbele na laptopu, hatua mbili kutoka kwenye ruta. Dakika mbili. Kwa hiyo kuta zimekula sehemu kubwa, lakini si yote. Tukazima waifai tukatumia kebo aliyokuwa nayo kabatini. Sekunde 90 hivi, megabaiti 11.

Hiyo 11 nikiiona nacheka. Ni alama ya kidole. Kebo ya mtandao ikifanya kazi kwa megabiti 100, hutavuka 11 au 12, hata diski iwe mpya kiasi gani. Mara nyingine ni matundu ya ruta yenyewe, za bei nafuu nyingi ziliishia hapo. Lakini ruta hii matundu yake yalikuwa ya megabiti 1,000. Nikaitazama kebo kwenye kichwa chake cha plastiki: nyaya nne. Aliyeifunga alikuwa amekuja kuweka kamera za ulinzi, na kwa kamera nne zinatosha, nyingine nne akazikata. Kwa megabiti 1,000 zinahitajika zote nane. Huna haja ya kuchungulia nyaya ili kujua. Fungua maelezo ya muunganisho kwenye Windows, soma kasi ya kiungo. Ikisema 100 mahali ulipotarajia 1,000, shika kebo kwanza. Na sisi wa pwani tuna la ziada: hewa ya chumvi. Nimekuta Raskazone vile vidole vya shaba ndani ya tundu vimeota ukijani, muunganisho unapanda na kushuka kama maji ya bandarini.

Nilikuwa na kebo kamili kwenye mkoba. Sekunde 30. Sasa tuko kwenye megabaiti 33 kwa sekunde, mara kumi na zaidi ya tulikoanzia, na hatujanunua chochote.

Mwisho nikachomoa diski kwenye ruta nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Sekunde 10. Diski nzima kabisa. Kinachobana hapo ni ruta: tundu lake ni la USB 2.0, ambalo kwa maandishi ni megabiti 480 lakini kwa kazi halisi hutoa megabaiti 30 na ushee hadi 40. Juu ya hapo, ubongo wa ruta ni mdogo. Uliundwa kupitisha pakiti za data, si kuwa karani wa masjala. Ukiwa na watu wawili watatu wanaotaka mafaili kwa pamoja, nunua kisanduku cha diski cha mtandao chenye kichakataji chake. Ukiwa peke yako, subiri kwanza nikuambie habari ya pantoni.

Aliyewahi kuvuka mto Pangani kwenda Bweni kwa pantoni anaelewa. Pantoni ikijaa magari, watu na baiskeli, safari moja inavusha mengi. Ikiwa kila safari inavusha bodaboda moja, kisha inarudi tupu kuchukua nyingine, siku itaisha foleni haijapungua, na mto haujawa mpana zaidi. Ndivyo mafaili madogo yanavyosafiri. Kwa kila faili kompyuta inauliza: lipo? naruhusiwa? ni kubwa kiasi gani? nifungulie, nipe, funga. Kila swali linakwenda na kurudi, na waifai dhaifu huchelewesha kila safari. Video moja ya gigabaiti 2 inaweza kufika haraka kuliko picha 2,000 zenye jumla hiyo hiyo. Kibaya zaidi, ukifungua folda ya picha ikiwa imepangwa kwa vijipicha, Windows inalazimika kwenda kusoma kila picha ili ichore kijipicha chake. Wewe unadhani umefungua folda moja, kumbe umeomba mafaili 2,000. Badili mwonekano uwe orodha ya majina. Kijana alipobadili, ile folda ya kwenda kununua kachori ilifunguka kabla sijaweka kikombe cha chai chini.

Kwa uhariri, ushauri wangu ni ule ule ninaompa kila mtu wa video: harusi unayoifanyia kazi wiki hii iwe ndani ya laptopu, ukimaliza irudishe kwenye diski ya mtandao. Diski ya mtandao ni ghala. Fundi seremala hapigi randa ghalani.

Turudi kwenye hewa, kwa sababu wengi hawatavuta kebo. Ruta ile ilikuwa imefichwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la vyombo, kwa sababu soketi iko hapo. Bati, friji, kioo kikubwa cha kabati, tangi la maji: vyote hivyo ni maadui wa mawimbi. Nyumba ya Kiswahili ina bahati moja, ule ukumbi. Ruta ikitundikwa ukumbini juu, mawimbi yanatembea kama yamepewa barabara, na kila chumba kinabaki na ukuta mmoja tu. Kule Bagamoyo, kwenye nyumba kongwe za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ni nene kiasi kwamba ukuta mmoja tayari ni mwingi. Huko nisingebishana na mawe, ningetoboa mahali pa kebo.

Masafa ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi lakini ukuta huyachosha mapema, ya 2.4 yanafika mbali lakini yamejaa watu. Ngamiani nyumba zimebanana, simu yangu iliona ruta za majirani zaidi ya kumi kutoka kitanda kimoja. Kwenye 2.4 chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na upana uache megahezi 20. Ukiwa chumba kimoja na ruta, tumia 5. Na kama diski yako ni ya USB 3, usiilaze juu ya ruta: kebo na diski za aina hiyo hutoa kelele inayoangukia hapo hapo kwenye gigahezi 2.4. Isogeze mbali kidogo.

Kosa ninalolikuta kwa wenye visanduku vya diski vya bei kubwa ni kukiunganisha kisanduku chenyewe kwa waifai, ati nyaya zinaharibu sebule. Faili linatoka diskini hewani hadi kwenye ruta, kisha linatoka kwenye ruta hewani hadi kwenye laptopu. Hewa ni ile ile, na mmoja akisema mwingine ananyamaza, kwa hiyo kasi inakatika nusu. Weka ripita ya kawaida (kifaa cha kurefusha waifai) katikati, ukate nusu tena. Kisichohama kifungwe kwa kebo. Waifai iachiwe kinachotembea.

Kuna jambo la ruta kuukuu pia. Baadhi yake zinajua SMB toleo la kwanza tu, lugha ya zamani ya kushirikishana mafaili yenye maswali mengi kupita kiasi. Toleo la pili lilikuja na Windows Vista, na tangu 2017 Windows ilianza kuliacha lile la kwanza. Utaona watu wanakuelekeza kuliwasha upya ili diski ionekane. Usifanye hivyo. Mlango huo ndio uliopitiwa Mei 2017 na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Sasisha programu ya ruta, na isiposasishika, ustaafishe.

Na ikitokea kipimo cha moja kwa moja kwenye USB nacho ni kibaya, au faili fulani tu ndilo linalogoma, au diski inagonga tik-tik, acha kupima. Nakili vilivyo muhimu kwingine kwanza, maswali baadaye.

Pale Ngamiani tuliishia hivi: ruta ikahamia ukumbini, kebo ya nyaya nane ikapita juu ya milango hadi chumba cha mwisho, vijipicha vikazimwa. Diski mpya haikununuliwa. Kikabaki kidonda kidogo: asubuhi, faili la kwanza huchukua kama sekunde 10, kwa sababu diski hulala isipotumika na sahani zake lazima zianze kuzunguka upya. Kijana akauliza kama naweza kuizuia isilale. Nikamwambia naweza, ni mpangilio mmoja tu. Mzee wake alikuwa barazani muda wote, kimya, tangu nilipomwamkia.

"Iache ilale, mwanangu," akasema. "Luku nanunua mimi."