Oili Nyeusi Si Oili Mbovu

Juzi nimebadilisha oili ya Hilux ya dizeli. Kesho yake mwenyewe karudi, kachomoa kijiti cha kupimia, kakipangusa kwa kitambaa cheupe: nyeusi tii. "Fundi, umeniwekea oili iliyotumika." Na dumu alilifungua yeye mwenyewe!

Nasema tena. Oili huwa nyeusi kwa sababu inafanya kazi. Ina dawa za kuosha injini na kuyashika masizi yaelee, yasigande kwenye pistoni. Dizeli ina masizi mengi, na hata ukimwaga vipi, oili ya zamani kidogo hubaki ndani. Washa dakika 10 tu, ile mpya yote imeshageuka. Ya petroli huchelewa, lakini nayo huelekea huko huko.

Kwa hiyo weusi hauonyeshi kwamba oili imechoka. Wala unjano hauonyeshi kwamba bado inafaa, maana dawa zile huisha bila jicho kuona, ndipo tope linapojaa chini ya kifuniko cha vali. Kuisugua kwa vidole pia hakupimi kitu. Rangi ninayoiogopa ni ya chai ya maziwa: ukiiona kwenye kijiti, maji yameingia, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekufa. Usiwashe. Livute gari mpaka gereji.

Fuata kilomita na tarehe, chochote kitakachotangulia. "Kila gari, kilomita elfu 5" si sheria. Soma kitabu cha gari lako, kisha tazama safari zako. Ukitoka Mbagala hadi Posta kwa saa mbili za foleni, kilomita ni chache lakini injini imezunguka muda wote. Badilisha oili mapema, kabla ya kilomita za kitabu kufika. Gari lililolala mwaka mzima nalo oili yake imezeeka.

Kuongezea si kubadilisha. Uchafu umebaki mlemle. Taa nyekundu ya oili haikukumbushi sevisi, inasema presha imeshuka: zima injini hapo hapo. Na oili nzito hailindi zaidi. 20W-50, ambayo ni nzito, kwenye injini iliyotengenezewa 0W-20, iliyo nyepesi, hupanda polepole asubuhi, wakati vyuma vinaihitaji kuliko saa nyingine yoyote.

Ukibadilisha oili, badilisha na filta, jamani, kila mara. Halafu bandika utepe karibu na betri, uandike kilomita na tarehe kwa kalamu isiyofutika.